Jinzi inayotosha nyonga na kupwaya kiunoni: anza na nyuma kabla ya kugusa ubavu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Nzuguni, Dodoma, na nina cherehani ya kukanyaga ambayo nimeshaitumia kushona sketi, magauni na sare za shule za wanangu. Tatizo langu ni suruali za jinzi. Kiuno changu ni sentimita 76 na nyonga ni 108. Suruali ikinitosha nyonga, kiuno kinapwaya nyuma, na nikiinama au nikipanda bodaboda mgongo unabaki wazi. Fundi alinipunguzia mbili ubavuni, lakini sasa zinavuta mapajani, na kwenye nyonga zimetokeza kama pembe. Je, cherehani yangu inaweza kushona jinzi, na nianzie wapi ili inikae sawasawa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Cherehani yako inaweza, na nitaeleza namna ya kuiandaa. Lakini kwanza tuelewane kuhusu chanzo cha tatizo, kwa sababu bila hilo utajishonea suruali mpya yenye kasoro ileile ya zile za dukani. Mwili wako hauna kosa lolote. Tofauti kati ya kiuno chako na nyonga zako ni sentimita 32, ilhali suruali nyingi za wanawake zinazotoka viwandani hukatwa kwa kudhani kwamba tofauti hiyo ni kama sentimita 25. Zinabaki sentimita saba ambazo hazikufikiriwa na mkataji, na kazi yetu yote ni kuamua ziondolewe wapi.

Fundi wako aliziondoa ubavuni kwa kuwa hapo ndipo pepesi kufumua. Lakini jitazame kwenye kioo ukiwa umesimama kiubavu: mbele, kuanzia kitovuni hadi mapajani, umbo halibadiliki sana, wakati nyuma mgongo unaingia ndani na makalio yanatoka nje katika nafasi isiyozidi shubiri moja. Kiuno chako kimepungua zaidi kwa nyuma kuliko kwa pembeni. Sentimita saba zikiondolewa ubavuni peke yake, mshono wa ubavu unalazimika kujipinda ghafla juu ya nyonga, na pale unapojipinda ndipo zinapotokea zile pembe unazozilalamikia. Wakati huohuo kitambaa cha nyuma kinabaki kimenyooka juu ya mgongo uliopinda, kwa hiyo bado kitaachana na mwili. Na fundi akishuka na mshono chini zaidi ili kuficha pembe, anakula nafasi ya paja, ambayo kwako haikuwa na ziada.

Vitambaa vingine huvumilia makosa ya namna hii, lakini si jinzi. Jinzi hufumwa kwa mshazari: nyuzi za urefu, zilizotiwa rangi ya nili, hupita juu ya nyuzi mbili au tatu za upana zisizotiwa rangi kabla ya kuingia chini ya moja, na ndiyo maana upande wa nje ni wa buluu na wa ndani ni mweupe. Mfumo huo, pamoja na unene wa nyuzi zenyewe, hukifanya kitambaa kiwe kigumu. Sufu unaweza kuipinda kidogo kwa pasi na mvuke ikafuata mwili. Jinzi ya pamba tupu haikubali hivyo, bali hufuata umbo lililokatwa tu. Kwa hiyo kila mpindo unaoutaka lazima uwe umo kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Ninapendekeza upate paterni yako, yaani vipande vya karatasi vya kukatia, kutoka kwenye jinzi kuukuu ambayo inakukaa vizuri mapajani na kwenye nyonga, hata kama kiuno chake kinapwaya. Kama huna, mitumba ya mnadani Msalato itakupatia moja kwa bei ndogo kuliko kitambaa kipya. Fumua nusu moja tu, ya kulia au ya kushoto, na uache nusu nyingine jinsi ilivyo, maana hiyo ndiyo itakayokuwa mwalimu wako wa namna mifuko, zipu na ukanda wa kiuno vilivyopangwa. Piga pasi vipande vilivyofumuliwa kwa kuigandamiza bila kuiburuta ili visivutike, vichore kwenye karatasi, kisha ongeza nafasi ya mshono: sentimita moja na nusu kila mahali, isipokuwa kwenye mshono wa nyuma wa katikati, sehemu ya juu, na ubavuni, ambako ningeacha sentimita tatu hadi suruali ijaribiwe. Usisahau kuchora mshale unaoonyesha mwelekeo wa nyuzi za urefu kwenye kila kipande. Mguu uliokatwa nje ya mwelekeo huo utajizungusha baada ya kufuliwa, na mshono wa ubavu utahamia mbele ya goti, kasoro ambayo hakuna fundi anayeweza kuitibu baadaye.

Kisha jipime upya, na usitegemee vipimo vya gauni. Funga uzi au ukanda mwembamba kiunoni pale hasa unapotaka suruali ikae, uketi, usimame, uuache utulie mwenyewe. Pima mzunguko hapo, pima nyonga mahali penye unene zaidi, pima paja, goti na urefu wa mguu. Halafu chukua kipimo ambacho washonaji wengi wa nyumbani hukiruka: pitisha futikamba kutoka kwenye ule uzi mbele, katikati ya miguu, hadi kwenye uzi nyuma. Hicho ni kipimo cha msamba. Linganisha na paterni kwa kupima mshono wa mbele na wa nyuma kwa kufuata mpindo wenyewe, ukiacha nafasi za mshono, na ukijumlisha yoki (kile kipande cha nyuma kilicho chini ya ukanda) na ukanda wa kiuno. Tuseme mwili wako umetoa sentimita 72 na paterni imetoa 69. Hizo tatu zilizokosekana ndizo zinazokuacha mgongo wazi kwenye bodaboda, kwa maana unapoketi makalio hudai urefu, na urefu usipokuwepo kwenye mshono, suruali huuchukua kwa kuteremsha kiuno.

Kurekebisha urefu huo ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kwenye karatasi ya kipande cha nyuma, chora mstari wa kulala usawa wa nyonga, kutoka mshono wa katikati hadi ubavuni. Ukate kuanzia katikati, lakini uache milimita chache ubavuni bila kukata ili karatasi iwe na bawaba. Sasa inua sehemu ya juu hadi nafasi ya katikati ifunguke sentimita tatu, bandika karatasi nyingine chini yake, na unyooshe upya mstari wa nyuma na wa ubavu uliovunjika. Umeongeza urefu kwa nyuma bila kuongeza ubavuni wala mbele, na mstari wa nyuma umelala zaidi kuelekea ubavuni, jambo ambalo ni jema kwa mtu mwenye makalio yaliyojaa.

Baada ya hapo ndipo tunagawa zile sentimita saba. Sentimita moja na nusu ziondoke kwenye mshono wa katikati nyuma kwa kila upande, kuanzia juu na kupungua polepole hadi sifuri pale mpindo wa msamba unapoanza, kwa hiyo jumla ni tatu. Sentimita moja iondoke kwenye sehemu ya nyuma ya kila ubavu, jumla mbili. Mbili zilizobaki zitoke kwenye yoki, kile kipande chembamba chenye umbo la kabari kilicho kati ya ukanda wa kiuno na makalio. Wengi hudhani kwamba yoki ni pambo. Si hivyo. Kwenye suruali ya kitambaa laini, fundi hupunguza kiuno kwa mikunjo midogo iliyochongoka. Kwenye jinzi mikunjo hiyo imefichwa ndani ya mshono unaounganisha yoki na kipande cha nyuma, na ndiyo maana mshono huo haujanyooka. Basi kata karatasi ya yoki mahali pawili kutoka ukingo wa juu hadi karibu na ukingo wa chini, na kila mahali upandanishe nusu sentimita kwa juu. Ukingo wa juu utafupika, wa chini utabaki na urefu wake, na kipande kizima kitajipinda kama mundu mdogo. Mpindo huo ndio utakaokumbatia mgongo wako.

Ukanda wa kiuno nao ufuate hesabu ileile. Ukanda ulionyooka, ambao ndio wa kawaida kwenye jinzi za kiume, husimama mbali na mwili wa mtu ambaye kiuno chake kinazidi kupungua kwenda juu. Jipime mahali ukingo wa chini wa ukanda utakapokaa, kisha sentimita nne juu yake. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo unayopaswa kuiondoa kwenye ukingo wa juu wa karatasi kwa mikato midogo midogo iliyosambazwa, mingi zaidi kwa nyuma. Kwa upande wa ndani wa ukanda ningetumia kitenge chepesi badala ya jinzi, kwa sababu hupunguza unene na hakikwaruzi ngozi wakati wa joto la Oktoba na Novemba. Vivyo hivyo kwa vitambaa vya ndani vya mifuko. Ukanda uliopinda una udhaifu mmoja, kwamba ukingo wake huvutika kwa kuvaliwa, kwa hiyo shonea pamoja na ukingo wa juu kipande chembamba kilichokatwa kwenye ule ukingo uliofumwa wa kitambaa, ambao hauvutiki.

Sasa kitambaa. Kwa Dodoma ningechagua jinzi yenye uzito wa gramu 270 hadi 340 kwa mita ya mraba. Nzito zaidi ya hapo ni imara sana, lakini mchana wa jua utaichukia, na cherehani yako itahangaika kwenye mikutano ya mishono. Muuzaji akiwa hajui uzito, kunja kitambaa mara nne na ukibane kwa vidole: kama unene huo unakutisha, utaitisha na sindano. Kwa mwanzo chukua pamba tupu, au yenye mpira kidogo usiozidi asilimia mbili. Pamba tupu inahitaji nafasi ya sentimita mbili hadi nne kwenye nyonga ili uweze kuketi. Yenye mpira inaweza kukatwa sawa na mwili. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mita moja na nusu hadi mita 1.8 zitatosha kwa mtu wa wastani.

Usikate kabla ya kufua, hata muuzaji akikuapia kwamba hakipungui. Kata kipande cha mraba cha sentimita 50 kwa 50, ukifue kwa maji ya moto, ukikaushe na ukipime. Kikipungua hadi 48 kwa upande wa urefu, umepoteza asilimia nne, na suruali ya sentimita 104 ingekufupikia kwa zaidi ya sentimita nne. Kisha fua kitambaa chote kwa namna hiyohiyo, ikiwezekana mara mbili. Kikaushe kivulini kikiwa kimegeuzwa ndani nje, kwani nili hukaa juu ya uzi bila kupenya hadi kiini chake, na jua letu huila haraka.

Kabla ya jinzi yenyewe, shona jaribio la kitambaa cha bei nafuu. Marikani nzito inafaa. Shuka kuukuu haifai, kwa kuwa ni laini na itakudanganya: itaanguka vizuri mahali ambapo jinzi ingesimama. Jaribio halihitaji mifuko wala zipu. Acha uwazi mbele na uufunge kwa pini. Livae, ukae kwenye kigoda, uchuchumae, upandishe mguu kama unayepanda pikipiki, kisha usimame mbele ya kioo na usome mikunjo. Mistari inayotawanyika kutoka msamba kwenda juu kwenye mapaja ya mbele inasema kwamba ncha ya msamba, ile pembe inayoingia kati ya miguu, ni fupi au paja limebanwa. Ongeza sentimita moja kwenye ncha ya kipande cha nyuma kwanza, kisha ujaribu tena. Mshono wa nyuma ukizama katikati ya makalio, mpindo hauna kina cha kutosha, na unapaswa kuuchimba kidogo kuelekea ubavuni, nusu sentimita kwa wakati mmoja, bila kuupandisha wala kuushusha. Mikunjo iliyolegea chini ya makalio ndiyo inayowasumbua watu wengi, na hapa naomba uwe na subira, kwa sababu suruali isiyo na mkunjo hata mmoja hapo ukiwa umesimama ni suruali ambayo huwezi kuketi nayo. Ondoa ile iliyozidi tu, na uache ya kuketia. Badilisha kitu kimoja kila unapojaribu. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia. Kila badiliko lihamishie kwenye karatasi siku hiyohiyo.

Kuhusu cherehani: ya kukanyaga ina nguvu ya kutosha kwa jinzi ya uzito niliotaja, na unaitawala vizuri kwa kuwa inaenda kwa mwendo wa mguu wako. Weka sindano namba 16, au 18 kwa mishono ya juu yenye uzi mnene, na uhakikishe ni ya cherehani ya nyumbani, yenye ubapa upande mmoja wa shina, kwa maana za viwandani mara nyingi zina shina la duara. Sindano ikianza kutoa mlio wa kugonga, ibadilishe. Tumia uzi wa poliesta kwa mishono ya kuunganisha, ukiwa na mishono kumi kwa inchi. Kwa ile mistari ya juu inayoonekana, weka uzi mnene juu na wa kawaida kwenye bobini, upunguze hadi mishono saba au minane kwa inchi, na ujaribu mkazo wa uzi kwenye mabaki kwanza. Mahali mishono inapokutana, kama kwenye msamba na chini ya ukanda wa kiuno, igonge kwa nyundo juu ya ubao hadi ilale, kisha pitisha sindano kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mguu wa kubana kitambaa ukiinuka mbele na kukwama, ingiza nyuma yake kipande cha jinzi kilichokunjwa ili ukae usawa, nao utavuka bila kuruka mishono.

Mpangilio wa kazi ndio unaokupa nafasi ya kurekebisha. Mifuko ya mbele na zipu zishonwe wakati vipande vya mbele bado vimelala bapa mezani, kwa kufuata ile nusu uliyoiacha bila kufumua. Zipu ya sentimita 12 hadi 15 inatosha. Unganisha yoki na vipande vya nyuma. Kisha, badala ya kuendelea na mashine, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono kwenye mshono wa nyuma, wa ndani wa miguu na wa ubavu, uivae, na ubandike mifuko ya nyuma kwa pini ukiwa umeivaa, kwa kuwa mifuko iliyokaa mbali sana huonyesha makalio mapana na iliyokaribiana sana huyabana kwa macho. Ukiridhika, fumua bandi na ushone kwa utaratibu huu: mifuko ya nyuma, mshono wa nyuma, halafu mshono wa ndani wa miguu, mmoja kutoka pindo la mguu mmoja hadi la mwingine kupitia msamba. Hiyo miwili ya mwisho uifanye kwa kukunja ukingo mmoja juu ya mwingine na kupiga mistari miwili juu, ili nyuzi za kitambaa zifungiwe ndani. Ubavu uwe wa mwisho, kwa mshono wa kawaida, na kingo zake zipelekwe kwa fundi mwenye ovaloku, cherehani ya kufunga kingo zisifumuke. Hapo utaivaa mara nyingine na kurekebisha nusu sentimita ya mwisho kabla ya kuweka ukanda wa kiuno.

Ribiti, vile vipande vidogo vya chuma vya kwenye pembe za mifuko, si lazima. Jacob Davis, fundi wa Reno nchini Marekani, ndiye aliyeanza kuzitia kwenye pembe za mifuko ya suruali za kazi kwa sababu zilikuwa zikichanika, na yeye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi huo, tarehe 20 Mei 1873. Mishono ya kwenda na kurudi kwenye pembe hizo, sentimita moja, itashikilia vya kutosha. Ukizipenda, mafundi viatu wengi wanazo.

Na zile suruali mbili zilizoharibiwa ubavuni usizitupe. Kama fundi hakukata ziada, fumua ubavu urudi ulivyokuwa, upige pasi, kisha toa kishikio cha mkanda cha katikati nyuma na ufumue ukanda wa kiuno kama sentimita kumi kila upande. Fumua mshono wa nyuma hadi mpindo unapoanza, upunguze hapo, kata ukanda katikati na uuunganishe upya, halafu rudisha kishikio juu ya kiungo kipya ili kikifunike. Usipunguze zaidi ya sentimita tatu au nne kwa jumla, la sivyo mifuko ya nyuma itagusana; kwako zitabaki kama tatu za kupwaya, ambazo mkanda unaweza kuzishika. Urefu wa mgongo hautaongezeka kwa njia hiyo, kwa sababu hakuna kitambaa cha kuongezea, kwa hiyo zitakufaa kwa kazi za kusimama zaidi kuliko za kupanda bodaboda. Kama ziada imekatwa, njia iliyobaki ni kuingiza ubavuni kipande kirefu cha jinzi, kutoka kiunoni hadi pindoni, chenye upana wa sentimita nne chini na kupungua juu. Rangi yake ikishindwa kulingana, chagua iliyo tofauti kabisa, ionekane kuwa umekusudia.